Kusoma michungwa ya Riverside katika ramani za kale: uzoefu wangu na topoView

Kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi kilimo cha machungwa kilivyoenea kusini mwa California, napendekeza topoView, huduma ya bure ya mtandaoni ya USGS, taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani, yenye ramani za topografia za kuanzia miaka ya 1880 hadi 2006. Mimi nimeitumia hasa kwa eneo la Riverside, ambako Eliza Tibbets alipanda miche ya michungwa isiyo na mbegu, yenye asili ya Bahia nchini Brazili, katika miaka ya 1870. Mmoja wa miti hiyo ungali hai.

Ramani za mwanzo wa karne ya 20, za kipimo cha 1:62,500, zina rangi tatu tu: nyeusi kwa barabara, reli na majengo, buluu kwa maji, na kahawia kwa kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mashamba yenyewe hayakuchorwa, lakini ndizo ninazozithamini kuliko zote, kwa kuwa zinaonyesha sababu ya michungwa kupandwa pale ilipopandwa. Mfereji wa Gage, uliochimbwa miaka ya 1880 kuleta maji ya Mto Santa Ana, ulipaswa kuteremka polepole mno ukiambaa na miinuko, ili ardhi iliyo chini yake imwagiliwe kwa mteremko peke yake. Na miteremko hiyo hiyo ndiyo iliyoikinga miti, maana hewa ya baridi, iliyo nzito, hushuka na kutuama mabondeni, ambako jalidi huharibu matunda. Mkulima anayejua kusoma kontua ataona hayo yote bila kuelezwa.

Ramani za 1:24,000 za katikati ya karne hiyo ni rahisi zaidi kwa mgeni, kwani bustani za matunda huonekana kama nukta za kijani zilizopangwa safu kwa safu. Katika matoleo yaliyosahihishwa baadaye kwa picha za angani, rangi ya zambarau huonyesha nyongeza mpya, na inasikitisha kuona mitaa ya zambarau ikitanda juu ya kijani kile.

Anayetaka kulinganisha miaka apakue faili za GeoTIFF, si JPEG, kwa sababu zina taarifa za mahali na hupangana zenyewe katika programu za ramani kama QGIS.