Altaneta ya Mtumba Iliyopakwa Rangi ya Fedha

Muuzaji anayetoa spea kwenye gari lililochinjwa kisha akaipaka rangi ing'ae, huyo anaficha kitu. Nimesubiri hasira ipoe kabla ya kuandika, haijapoa, basi naandika nayo.

Gari langu ni la zamani, la umri ule ambao spea mpya halisi ama haipatikani tena ama bei yake inakutoa machozi. Kwa miaka sasa nalitunza kwa vitu vya mtumba. Mota ya kioo cha mlango, swichi ya taa, kioo cha pembeni, hata shafti ya gurudumu la mbele, vyote vilitoka kwenye magari yaliyogongwa na vyote vinafanya kazi mpaka leo. Nimebishana na watu wengi kwamba kifaa halisi kilichotumika kinakishinda kipya cha bandia, na sijabadili mawazo. Au tuseme nilikuwa sijabadili, hadi hii altaneta, kile kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri.

Ilianza kwa taa ya betri kuwaka kwenye dashibodi, halafu taa za mbele zikawa zinafifia kila nikisimama. Fundi wangu akaweka mita. Injini ikiwa inaunguruma, betri inatakiwa isome volti 14 hivi, tuseme kati ya 13.8 na 14.5. Yangu ilisoma chini ya 12 na ilizidi kushuka. Maana yake gari linakula akiba ya betri na halirudishi kitu. Fundi akasema dayodi, vidude vya ndani ya altaneta vinavyogeuza umeme wake uweze kuchaji betri, zimekufa, nitafute altaneta nyingine.

Nikaenda kwa muuzaji mmoja mwenye vitu vingi. Altaneta aliyonitolea ilifanana kweli na yangu: masikio ya kufungia bolti yalikuwa palepale, mifereji ya puli idadi ileile, plagi ya nyaya ileile. Ila ilikuwa imepuliziwa rangi ya fedha kila mahali, hadi juu ya lebo yenye namba ya spea. Nikamuuliza namba yake ni ipi. "Dada, ni ileile. Kazi hii naifanya tangu hujazaliwa." Sawa. Nikamwomba kwa adabu, "Mzee, fundi wangu yuko hapo nje na gari. Tuifunge, tuipime, ikikubali nakulipa."

Sura ikabadilika papo hapo. Alipandisha sauti ili kila aliyekuwa pale asikie: "Kama huniamini, nenda kanunue mpya! Hapa hatujaribiwi!" Wateja wakageuka kunitazama. Kijana wake akacheka. Mimi ndiye niliyeonekana nimekuja na ugomvi, wakati nilichoomba ni kupima tu. Nimenunua mtumba kwa watu wengi na hakuna aliyewahi kunikatalia hilo. Wengine wenyewe ndio huleta betri na mita. Lakini gari lilikuwa limelala na altaneta ya aina yangu ilikuwa hiyo tu. Nikalipa.

Mwanzoni ilichaji vizuri, sitasema uongo. Baada ya muda, usiku mmoja nikiwa njiani, taa za mbele zikawa nyeupe kupita kawaida, kisha balbu moja ikaungua. Muda si mrefu nikasikia harufu ya yai viza ndani ya gari. Nikasimama, nikafungua boneti. Betri ilikuwa imevimba ubavuni na inachemka, unasikia kabisa majimaji yanatokota ndani. Nilizima gari nikasogea mbali nalo, maana betri ya namna ile hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche ndogo tu.

Siku iliyofuata fundi akakagua nyaya zote, akaazima betri nyingine na kuliwasha gari kwa sekunde chache tu apime. Volti 16 na zaidi! Akanieleza kwamba ndani ya altaneta kuna regyuleta, kidude kinachozuia umeme usipande kupita kiasi. Kikifa vibaya, altaneta inasukuma umeme bila breki, betri inapikwa, balbu zinaungua, na ukiendelea unaweza kuua hata kompyuta ya gari. Betri yangu ilikuwa mpya.

Nikairudisha altaneta kwa yule mzee. Hakuishika wala hakuitazama. "Betri yako ndiyo mbovu, imeniulia altaneta yangu." Nikamwambia betri haiwezi kujipandisha yenyewe hadi volti 16. Akanijibu, huku akimgeukia mteja mwingine, "Mwanamke na altaneta wapi na wapi." Kijana akacheka tena.

Nimeshawahi kuuziwa kitu kibovu, na mtumba una bahati yake, najua. Kibovu nakisamehe. Kudharauliwa mbele za watu na mtu aliyekwisha kula pesa yangu, hilo sisamehi.

Fundi alipoifungua ndipo tukaona kilichokuwa chini ya rangi. Vichwa vya skrubu vilikuwa na makovu ya bisibisi. Regyuleta haikuwa ya altaneta ile. Ilitolewa kwingine, miguu yake ikapindwa kwa nguvu na kuchomewa kwa risasi iliyomwagika ovyo. Yaani mtu alikaa, akabandika, kisha akapuliza rangi ili nisione. Ndiyo maana hakutaka namba isomwe wala kifaa kipimwe.

Sasa sikiliza hili, ndilo linaloniuma zaidi. Vilivyobaki ndani vilikuwa vizima: beringi laini, brashi ndefu, dayodi safi. Fundi akachukua regyuleta nzima ya altaneta yangu ya zamani, akaihamishia kwenye hii, na tangu hapo inasoma volti 14.2 hata nikiwasha taa, feni na waipa kwa pamoja. Hivyo nikisema altaneta ile ni mbovu nitakuwa mwongo. Ni nzuri, ipo kwenye gari hivi ninavyoandika. Angeniambia tu, "Dada, hii regyuleta yake si yenyewe," ningeinunua kwa bei ileile na kumshukuru.

Kwa hiyo mtumba bado nautetea, isipokuwa vitu vya mpira, hozi za breki, mikanda ya usalama na mifuko ya hewa; hivyo sichukui kwa mtu yeyote. Na kuanzia sasa chochote kilichopakwa rangi mpya sikigusi. Nafahamu wapo wauzaji waaminifu wanaopaka rangi kuzuia kutu tu. Wasinilaumu mimi, wamlaumu mwenzao.

Rejeta nayo imeanza kuvuja pale tangi la plastiki linapokutana na alumini. Nitatafuta ya mtumba, kwa mtu atakayekubali tuijaze maji na kuitia upepo mbele ya macho yangu kabla ya kulipana.

Na wewe mzee, kama kuna mtu atakusomea haya: betri yangu bado nakudai.