Sant Pau, Barcelona: hospitali ya zamani iliyonimalizia siku vizuri kuliko nilivyotegemea

Niseme mapema tu, mi sio mtu wa majengo. Mke wangu ndo mwenye ugonjwa huo, akiona dirisha la ajabu anasimama katikati ya njia watu wanamgonga mabega, mi nabaki nimeshika mikoba. Kwa hiyo mtu kama mimi akikwambia jengo fulani kaingia na hakutaka kutoka, naomba umsikilize.

Tulikuwa Barcelona siku nne. Tatu za kwanza tulikimbizana na orodha mpaka miguu ikavimba, ya nne tukakubaliana hakuna alamu, hakuna tiketi ya saa maalumu, hakuna kukimbilia metro. Sharti lake lilikuwa moja, jioni achague yeye jengo moja tukaingie. Nikasema sawa, moyoni najua atakuwa hoi atasahau.

Hakusahau.

Asubuhi tuliamka saa nne huko, tukaenda kunywa chai ambayo kwa kweli ni kahawa ya maziwa na mkate wao wa nyanya, pa amb tomàquet. Usicheke, ni mkate umesuguliwa nyanya mbichi iliyokatwa nusu, ukamiminiwa mafuta ya zeituni na kuchapwa chumvi kidogo, basi. Nilikula viwili nikaagiza cha tatu. Halafu tukapita soko la Santa Caterina, lile lenye paa la mawimbi la vigae vya rangi rangi, lilifunguliwa upya mwaka 2005 na halina msongamano kama La Boqueria kule La Rambla ambako ukisimama kuangalia maembe umeshasukumwa mpaka kwa muuza samaki. Hapa watu wananunua mboga zao za nyumbani, bibi mmoja alikuwa anabishana na muuza zeituni dakika kumi nzima na hakuna aliyeonekana ana haraka, nikasema hii ndo spidi tunayotaka leo.

Kutoka hapo tukatembea mpaka Arc de Triomf tukapanda Passeig de Sant Joan, barabara pana yenye miti na mabenchi, unakaa, unatembea, unakaa tena. Ule mtaa wa Eixample mpango wake ulichorwa na mhandisi Cerdà mwaka 1859, na kila kona ya jengo imekatwa mshazari, kwa hiyo kila makutano yanakuwa kama kiuwanja kidogo. Kwenye ramani unaona uzuri wake, kwa miguu unaona adha yake, maana kivuko cha waenda kwa miguu hakiko pale unapofikia, inabidi uzunguke kona kila mara. Kadogo tu, ila ukishavuka ishirini utanielewa.

Sasa mchana ndo tulipigwa. Jina silitaji, ni mgahawa karibu na kanisa la Sagrada Família, una meza nje na ubao wa picha za paella za rangi ya machungwa inayowaka. Hiyo picha peke yake ilitosha kutukimbiza lakini njaa haina macho. Paella ikaja chini ya dakika kumi, jamani, wali wa vile haupikwi dakika kumi, kamba wawili wamekaa juu kama wamesahauliwa. Bili ilipokuja kuna mkate ambao hatukuagiza na kuna nyongeza ya kukaa nje. Nikamuita mhudumu, kaka hii nini, akanionesha chini kabisa ya menyu, herufi za saizi ya siafu, imeandikwa. Nikalipa, maana kweli imeandikwa. Kwa hiyo soma menyu mpaka mwisho kabla hujakaa nje, na kama ni siku ya kazi tafuta sehemu yenye menú del día, wanakupa cha kwanza, cha pili, kitamu au kahawa na kinywaji kwa bei moja, na ukiona wafanyakazi wa ofisi wamejaa humo ingia bila kuuliza.

Nilikuwa nimenuna, nataka kurudi kulala. Mke wangu akasema twende, ni dakika kumi tu, barabara yenyewe inakupeleka.

Na kweli inakupeleka. Ukiwa Sagrada Família umezungukwa na watu elfu wanaopiga selfi, kuna barabara inatoka mshazari inaitwa Avinguda de Gaudí, sehemu kubwa ni ya waenda kwa miguu, na ukiangalia mbele kwa mbali unaona mnara mwekundu wa matofali una saa. Ndo Sant Pau hiyo. Watalii wengi wanaishia kanisani wanageuza, wanaopanda juu ni wachache, sijui kwa nini, maana hakuna hata mlima wa maana. Halafu kuna kitu kinaumiza kidogo: Gaudí mwenyewe, msanifu wa kanisa hilo, alipogongwa na tramu Juni 1926 watu walidhani ni masikini, akapelekwa hospitali ya kale ya Santa Creu kule Raval na akafia humo. Na hii ya Sant Pau ndo iliyojengwa kurithi ile ya kale. Barabara yenye jina la Gaudí inaishia kwenye mlango wa Sant Pau.

Historia kwa ufupi maana mi mwenyewe naisoma huku natembea. Hospitali ya Santa Creu ilianza 1401 kwa kuunganisha hospitali sita za mji. Karne zikapita, jengo likazidiwa, ndipo ikaja hela ya Pau Gil, mtu wa benki aliyefariki Paris 1896 akaacha wasia ijengwe hospitali ya kisasa. Msanifu ni Lluís Domènech i Montaner, kazi ikaanza 1902, hela ya wasia ikaisha kabla ya jengo kuisha (hata matajiri yanawakuta), yeye akafariki 1923, mtoto wake akaendeleza, ikafika 1930 ndo ikazinduliwa rasmi. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 1997 huku wagonjwa bado wamelazwa humo! Ilihama 2009 kwenda majengo mapya nyuma yake, zikaanza kazi za ukarabati, na 2014 wakafungua kwa wageni.

Njia ya matembezi inaanzia chini, ukumbi wenye nguzo nyingi, halafu unapita kwenye handaki. Hapa ndo nilipoanza kuamka. Jamaa Domènech alijenga kila wodi jengo lake peke yake, mbali mbali, ili maambukizi yasirukaruke, kisha akaziunganisha zote kwa mahandaki, wagonjwa na vitanda na chakula vinapita chini, juu kunabaki bustani tu. Kwa hiyo ukitoka handakini unaibukia kwenye jua na michungwa na lavenda na makuba ya vigae, unasahau kabisa kwamba hapa palikuwa hospitali. Na hospitali yote ameigeuza mshazari dhidi ya mitaa ya Eixample, mhimili wake umelala kaskazini na kusini, ili wodi zipate jua na upepo. Mke wangu alinieleza hilo mara mbili kwa furaha, ya pili nikaanza kufurahi na mimi.

Kilichonimaliza ni wodi ya Sant Rafael. Wameirudisha ilivyokuwa, ukumbi mmoja mrefu, madirisha juu, vitanda vya chuma vimepangwa. Nikasimama pembeni ya kitanda nikainua kichwa, maana mgonjwa anaangalia wapi? Anaangalia dari. Na dari yenyewe ni vigae vitupu, rangi rangi, yaani mtu aliyelazwa wiki tatu amewekewa kitu cha kuangalia. Halafu nikapitisha mkono ukutani (kwa siri, sijui kama inaruhusiwa), vigae laini, na pembe hazina kona kali, zimezungushwa, vumbi halina pa kujificha. Nikaelewa kumbe urembo wote huu ni wa kufutika kwa kitambaa na maji. Mbele ya wodi kuna chumba cha duara chenye madirisha kila upande, wagonjwa walioweza kusimama walikuwa wanakuja kuota jua hapo. Tulikaa humo kama robo saa hatujaongea.

Ukarabati wenyewe umefanywa kwa heshima. Miaka ya baadaye hospitali ilikuwa imejazia dari za bandia na kuta za kugawa vyumba, hayo wameyang'oa yakarudi ya asili, na joto la majengo sasa linatoka ardhini. Sio yote unayoingia, mengine ni ofisi, Shirika la Afya Duniani (WHO) wana ofisi yao humo, kwa hiyo usishangae kuona mtu na kompyuta yake dirishani chini ya malaika wa mawe. Jengo la utawala liache liwe la mwisho. Ngazi zake na ile dari ya vioo vya rangi ya dhahabu juu zinataka mtu aliyetulia, na tafuta herufi P na G, ziko kila mahali, tajiri alihakikisha hasahauliki.

Tiketi sio ya bei ya chai, lakini baada ya ile paella niliona nimelipia haki. Kuna ya kuongozwa na kuna ya kujizungusha mwenyewe, sisi tulijizungusha na saa mbili zilipita. Usije dakika za mwisho, hasa majira ya baridi wanafunga mapema zaidi. Metro ni laini ya 5, kituo kina jina hilo hilo la Sant Pau.

Kuna kitu kimoja bado nakiona. Kwenye benchi bustanini alikuwepo mzee na mjukuu wake, mzee anaonesha dirisha moja la juu kwa fimbo, anasema aquí, aquí, kisha anagusa koo lake. Kihispania changu ni cha kuagizia maji tu lakini nilielewa, alilazwa pale akiwa mtoto, alikatwa mafindofindo. Mjukuu akaangalia dirisha, akaangalia koo la babu, akauliza kitu, babu akacheka mpaka akakohoa.

Tukabaki pale pale mpaka mlinzi akaja taratibu, hakusema neno, akagonga tu saa yake ya mkononi kwa kidole. Siku nzima hatukuwa na alamu, ikabidi tutolewe na hiyo.