Fundi aliyeniwekea sinthesaiza: nyota moja, labda mbili

Hasira hizi ninazo tangu kabla ya Ramadhani. Kuna fundi wa kompyuta hapa Lamu, simtaji jina wala duka lake, wa mjini mtamjua kwa ulimi wake. Nilimpa laptopu yangu aniwekee sinthesaiza za kompyuta, yaani ala zinazotengeneza sauti ndani ya mashine, zile plagini (programu ndogo) unazifungua ndani ya programu ya kurekodi ukazipiga kwa kinanda cha waya. Tulipatana elfu mbili. Nikampa elfu moja na mia tano, salio akimaliza.

Mimi sina studio, nina chumba cha juu Langoni. Ukiweka maikrofoni mbele ya udi, utarekodi udi, punda wa jirani, na watoto wakitoka chuoni. Sinthesaiza ya kompyuta haisikii punda. Sababu yangu ni hiyo tu.

Laptopu ikarudi siku ya tatu. "Tayari mzee, zimo arubaini." Nikafungua programu, nikaongeza traki, nikabofya orodha ya ala. Tupu. Si arubaini, si nne. Nikazima nikawasha. Tupu vilevile. Nikampigia simu kwa adabu zangu zote.

"Mwanangu, ala sizioni."

"Umetizama vizuri, mzee?"

"Nimetizama."

Akacheka. "Lakini mzee, nyinyi si mwapiga taarabu za mabibi? Sinthi ya nini? Shika tari tu."

Simu ikakatika. Labda alikata, labda ni mtandao, lakini kicheko nilikisikia chote.

Tari! Wapigaji wa harusi wa pwani hii wamebeba vinanda vya Korg na Yamaha miaka na miaka, wakitafuta vile vya Kiarabu vinavyokubali kushushwa sauti kwa robo, kwa kuwa rasti, ile ngazi ya sauti ya nyimbo za Kiarabu, iliyopigwa kwa sauti za piano huwa kama pilau bila bizari: yalika, lakini si yenyewe. Na huyu mtoto ananifundisha mimi pa kushika tari. Usiku ule sikula vizuri.

Aliyeniokoa ni binti wa ndugu yangu, bado yuko sekondari. Alikaa kidogo tu, kisha akaniita: "Ami, ndoo utizame." Kumbe plagini hizi ni za aina iitwayo VST, na zile za zamani, faili zinazoishia na .dll, hazina makao maalumu. Ni wewe uiambie programu ziko folda gani, ndipo iziskani, yaani izipekue. Za VST3, zile mpya, ndizo zenye kwao, ndani ya Program Files, kisha Common Files, kisha VST3. Bwana fundi alizimwaga zote pamoja kwenye folda moja juu ya deskitopu, akaiita MZEE, na programu hakuiambia lolote. Binti akaionyesha folda, za VST3 akazihamishia kwao, akaiskanisha. Dakika chache. Na nyingi kati ya hizo arubaini ni za biti 32, mtindo wa zamani, na programu yangu yapokea za biti 64 tu, kwa hiyo hizo hata tungeskani mpaka Idi zisingetokea.

Zilizotokea za maana ni Surge XT, Vital na Dexed. Nazo zapatikana bure, mtu yeyote mwenye bando hupakua! Najua, nalipia kazi, silipii mali. Kazi ipi sasa?

Halafu nikabonyeza noti, sauti ikaja baadaye, kama mtu unamwita akakuitikia kutoka Manda. Bafa, ile akiba ya sauti ambayo laptopu huikusanya kabla ya kuitoa, alikuwa ameiacha kwenye sampuli 2048, ambayo kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 46, na hapo mpigaji hawezi kwenda na mdundo. Binti akaishusha hadi 256, chini ya milisekunde 6. Tulipojaribu 128, laptopu yangu kongwe ikaanza kutoa sauti kama mafuta ya moto yaliyoingia maji, tukarudi 256. Sema ASIO4ALL, programu ya kuharakisha sauti itoke, alikuwa ameiweka, na bila hiyo tusingefika hapo. Hilo nampa.

Dexed, kwa haki ya Mungu, ni tamu. Yaigiza DX7, sinthesaiza ya Yamaha ya mwaka 1983, na ile piano yake ya umeme ilinifanya nisahau chai mpaka ikapoa.

Nilikuwa nishaamua nyota moja. Ndipo binti akakuta ndani ya folda ya MZEE faili ndogo, rasti.scl. Akaifungua kwa Notepad, ni mistari ya nambari za kimo cha sauti tu, mia moja kwa kila hatua ya kinanda: 100.0, 200.0, 300.0, halafu badala ya 400.0 imeandikwa 350.0. Chini zaidi, badala ya 1100.0, ni 1050.0. Sikuelewa. Akaiingiza Surge XT, akaniambia nipige kuanzia noti ya do. Nikapiga. Noti ya mi ikashuka nusu ya nusu, noti ya si ikashuka pia. Rasti, nduzangu. Rasti yenyewe, kwenye laptopu, bila punda.

Faili hii haiji kwa bahati. Mtu aliketi akaiandika kwa mkono, akajua ni sauti zipi mbili za kushusha na kwa kiasi gani. Na ni huyohuyo aliyeniambia nishike tari, tena hakunitajia kwamba ipo.

Basi mbili. Tatu kwa ile faili, kisha nakumbuka kile kicheko, narudi mbili. Msimpelekee laptopu. Au mpelekeeni, lakini msiondoke dukani hadi muone orodha ya ala imejaa kwa macho yenu.

Mia tano yake bado ninayo. Nitampelekea mwenyewe, kwa noti za hamsini hamsini, nimhesabie polepole, kisha nimuulize ile 350 kafunzwa na nani.