Shule ya pikipiki Malindi: mwalimu hana mfano, ofisini ni balaa

Dada zangu mnaotaka kusomea pikipiki hapa Malindi, nisikilizeni kabla hamjatuma ada. Jina la shule silitaji. Ninayelia naye ni kijana wa ofisini.

Mpango wangu ulikuwa wazi: nisome, nifanye mtihani wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nipate leseni, ndipo ninunue pikipiki na kuikatia bima siku hiyohiyo. Nauza samaki, nawapeleka Watamu kila asubuhi, na nauli ya bodaboda inanimalizia faida. Hela ya pikipiki ilikuwa kwenye chama, imetulia. Bima ukishaikata siku zinahesabiwa, uwe barabarani au pikipiki imeegeshwa ukutani inaliwa na chumvi ya bahari. Ukate thadi pati, ile bima ya kumlipa mtu mwingine utakayemuumiza, ya mwezi mmoja hujui hata kushika klachi, mwezi utakwisha hujatoka getini. Tena wakala atakuuliza pikipiki ni ya nini, maana ya matumizi yako mwenyewe na ya kubeba abiria bima zake si moja. Leseni nazo ni hivyohivyo: A2 ni ya pikipiki yako, A3 ni ya bodaboda, wapeleka vifurushi na tuktuk. Mambo hayo unayapanga ukiwa darasani, hujatoa hata shilingi ya pikipiki.

Nililipa ada yote kwa M-Pesa baada ya kuhakikishiwa kwamba pikipiki ya kufundishia ipo. Kibali cha mwanafunzi nikajiombea mwenyewe eCitizen, kwenye mtandao wa huduma za serikali. Siku ya kwanza naambiwa pikipiki iko gereji. Sawa, chuma huharibika. Narudi, gereji. Wiki nyingine, gereji. Mwisho nikasema leo siondoki bila jibu.

Yule kijana hakuinua macho kwenye simu yake. "Dada, kanunue yako uje nayo. Na iwe na bima, hapa hatutaki kesi." Nikamwonyesha ujumbe wa malipo. Akawageukia vijana waliokaa kwenye benchi: "Mama Samaki anataka kujifunzia chombo cha wenyewe." Wakaangua kicheko. Kisha akanisukumia kadi ya duka la pikipiki, eti nikifika niseme nimetumwa naye.

Kadi ile ndiyo iliyonipandisha hasira. Ada yangu ameshaila, sasa ananituma nikatoe akiba yote ninunue chombo ambacho sijui hata kama miguu yangu itafika chini! Na nikimgonga mtoto wa mtu barabara ya Lamu, bima ninayo lakini leseni sina, kampuni si itaniruka? Nitauza samaki wangapi kulipa mguu wa mtoto? Hayo hakuyawaza hata kidogo.

Aliyenifundisha ni mwalimu mwenyewe, mzee mpole. Aliyasikia yote akiwa mlangoni. Nikamwamkia, akaniambia, "Marahaba mwanangu. Kesho alfajiri njoo uwanjani." Akaja na pikipiki yake. Kwanza alinifanya niisukume ikiwa imezimwa, nijue uzito wake. Halafu klachi peke yake, kuiachia taratibu mpaka pikipiki ianze kujivuta bila kuongeza mafuta kwa mkono. Halafu breki: kwenye lami breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini kwenye mchanga ukiikamata kwa pupa gurudumu linateleza na uko chini. Tukazunguka kwa umbo la namba nane baina ya mawe mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Hakunicheka hata siku moja. Mtihani nilipita.

Nilipoanza kuandika nilikuwa natoa nyota moja. Sasa nikimfikiria yule mzee naona ni dhulma, anastahili tano, na mtu akiniuliza asomee wapi nitamwambia kwa mzee huyu. Lakini nyota tano si atajivunia yule wa ofisini? Hapana. Tano ni za mwalimu, ofisi haipati hata nusu. Mkienda, kabla ya kulipa ombeni mwonyeshwe pikipiki ya shule, iwashwe, muisikie ikinguruma.

Yangu nimeinunua, kwa duka jingine kabisa. Bima nikakata adhuhuri ya siku ileile, na jioni nikashuka nayo Watamu. Ile hela niliyolipia pikipiki ya gereji bado naidai, na Jumatatu nakwenda tena.