Kikokotoo cha safari za ndege: uzoefu wangu Lubumbashi–Kinshasa

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Kinshasa kutibiwa macho. Kabla ya kulipia tikiti nilifungua kwenye simu kikokotoo kimoja cha bure: unaandika viwanja viwili, kinakupa umbali na muda. Niliandika FBM, yaani Luano yetu ya Lubumbashi, na FIH, yaani N'djili ya Kinshasa. Kikajibu: karibu kilometa 1,550, saa 2 na dakika 25 hewani. (Msichague NLO. Hicho ni N'dolo, kiwanja kidogo kilicho ndani ya jiji la Kinshasa.)

Tikiti nayo ilisema kuondoka 08:00, kufika 09:20. Saa moja na dakika ishirini! Nikaamini wamekosea kuchapa, nikapiga hesabu yangu kwa kikokotoo na kumwambia shemeji atupokee saa nne na nusu.

Hakuna aliyekosea kuchapa. Saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, na tikiti huandika saa ya mahali unapoondoka na ya mahali unapofika. Tulitua saa tatu na dakika ishirini. Mama alikaa juu ya sanduku nje ya kiwanja, kitenge amejifunika usoni kwa sababu jua lilimchoma macho, mpaka shemeji alipofika saa nne na nusu kama nilivyomwambia. Saa ile bado inaniuma.

Kwa umbali na muda wa hewani, kikokotoo kilisema kweli: tuliruka saa 2 na dakika 20. Kinapima njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia, kinagawa kwa mwendo wa jeti, kama kilometa 800 kwa saa, kisha kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ukipanda ndege ya pangaboi, usikitegemee.

Kasoro yake kubwa ni kwamba hakikuonya kuhusu tofauti ya saa. Tena kinahesabu safari ya moja kwa moja tu. Ndege ikipitia Mbuji-Mayi, njia inaongezeka kilometa zaidi ya 100 tu, lakini kushusha na kupakia abiria kunaweza kula saa nzima au zaidi. Ongezeni pia kuwahi Luano, foleni ya Go-Pass (ada ya kiwanja cha ndege) na ya mizigo, halafu msongamano wa Boulevard Lumumba kuelekea Gombe, katikati ya Kinshasa. Sisi tulitoka nyumbani Kamalondo alfajiri, tukafika kwa daktari mchana.

Nakipa nyota 4 kati ya 5, na bado ninakitumia.

Tikiti ya kurudi ilisema 14:00 hadi 17:20. Safari hii sikushtuka. Nilimwandikia mdogo wangu: "Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, saa za Lubumbashi." Tulipotoka Luano alikuwa mlangoni, ameshamnunulia mama maji.