Tathmini ya Ushambuliaji wa Manchester United, Msimu wa 2024/25: Bei ya Juu, Mabao ya Kuhesabu

Mpenzi wa soka anayelipia king'amuzi kila mwezi, au anayetoa shilingi zake mlangoni mwa kibanda umiza kila mwisho wa wiki, ni mteja kama mteja mwingine yeyote, na ana haki ya kuuliza amepata nini kwa fedha yake. Kwa kipimo hicho ninaitathmini hapa bidhaa moja tu, nayo ni safu ya ushambuliaji ya Manchester United katika msimu uliokwisha Mei 2025. Katika mechi 38 za Ligi Kuu ya Uingereza timu hiyo ilifunga mabao 44, ikamaliza nafasi ya 15 kwa pointi 42, na waliofunga mabao machache kuliko wao walikuwa Everton pamoja na timu tatu zilizoshuka daraja. Waliokwenda uwanjani walitozwa zaidi yetu, kwa kuwa katikati ya msimu klabu ilipandisha tiketi zilizobaki hadi pauni 66 bila punguzo kwa watoto wala wazee, na kwa msimu mzima ikapoteza mechi 9 za ligi hapo hapo nyumbani kwake, Old Trafford. Ninawapa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya Amad Diallo peke yake.

Maelezo yaliyotawala vijiweni ni kwamba timu haina mfungaji, na kwa juu juu takwimu zinayaunga mkono. Rasmus Højlund, aliyenunuliwa kutoka Atalanta mwaka 2023 kwa ada inayoweza kufikia pauni milioni 72, alifunga mabao 4 ya ligi, na Joshua Zirkzee akafunga 3. Højlund alipita mechi 21 mfululizo bila kucheka na nyavu, hadi alipofunga dhidi ya Leicester mwezi Machi. Lakini anayetazama mechi nzima badala ya kusubiri muhtasari wa mabao ataona kwamba kijana huyo alikuwa akipokea mipira mgongo wake ukielekea lango, mita 30 kutoka golini, mabeki wawili wakiwa wamemkumbatia, na mchezaji mwenzake wa karibu yuko mbali kama mgeni. Ana makosa yake, hasa mguso wake wa kwanza, ambao mara nyingi humkimbia. Hata hivyo, mfungaji bora wa dunia angekaa na njaa katika timu ambayo mpira unafika kwake umechelewa kiasi kile.

Shida iko kwenye safari ya mpira kabla haujamfikia namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati. Kocha Ruben Amorim alipofika Novemba 2024 akitokea Sporting ya Lisbon, ambako alitwaa ubingwa wa Ureno mara mbili, alikuja na mfumo wake wa 3-4-2-1: mabeki watatu, wanne mbele yao, na wawili nyuma ya mshambuliaji mmoja. Mfumo huo hauna winga wa asili, kwani upana wote wa uwanja umekabidhiwa kwa watu wawili, beki wa pembeni wa kushoto na wa kulia, ambao wanatakiwa kupanda hadi kwenye kibendera cha kona na kurudi kulinda lango lao. Wawili hao wakikwama, timu nzima inabanwa katikati, mahali ambapo wapinzani wamejipanga kwa wingi. Kwa sehemu kubwa ya msimu upande wa kushoto alicheza Diogo Dalot, mchezaji mwenye bidii ambaye mguu wake ni wa kulia. Mpira ulipomfikia akiwa na nafasi ya kumimina krosi kwa mara ya kwanza, aliusimamisha, akaurudisha kwenye mguu wa kulia, akainua kichwa, na kufikia hapo mabeki wa timu pinzani walikuwa wameshageuka, wameshahesabiana na wamekwisha kusimama kwenye mstari wao. Jambo hilo huchukua sekunde mbili hivi, na mshambuliaji huishi ndani ya sekunde hizo mbili.

Klabu ililiona tatizo hilo na kumnunua Patrick Dorgu wa Lecce dirisha la Januari, kijana wa mguu wa kushoto, ingawa alikuja akiwa bado mbichi katika pasi ya mwisho. Upande wa kulia Amad, ambaye naye ni wa mguu wa kushoto, alionyesha kwamba mguu wa kinyume si kosa kwa yeyote anayeutumia kushambulia: aliingia ndani kwa kasi, akapiga au akapenyeza. Ndiye aliyeifunga Southampton mabao matatu katika dakika kumi na kidogo za mwisho mwezi Januari, na ndiye aliyemaliza kazi Etihad, uwanja wa Manchester City, mwezi Desemba. Alifunga mabao 8 ya ligi, sawa na Bruno Fernandes, licha ya kukaa nje takriban miezi mitatu kwa jeraha la kifundo cha mguu.

Mechi moja inatosha kuonyesha ninachosema kuhusu kasi. Tarehe 1 Aprili 2025, katika uwanja wa Nottingham Forest, United walipata kona. Mpira ukaokolewa, na Anthony Elanga, mchezaji ambaye United wenyewe walimuuza mwaka 2023, akaukimbiza kutoka nusu yake hadi kwenye eneo la hatari na kufunga dakika ya 5. Baada ya hapo United wakashika mpira karibu mechi nzima, wakapiga pasi za kwenda na kurudi mbele ya ukuta uliotulia, na mwisho wakampeleka beki Harry Maguire mbele kuwa mshambuliaji. Walifungwa 1-0. Forest walimaliza msimu wakiwa nafasi ya 7, na mshambuliaji wao Chris Wood akiwa na mabao 20, kwa mpira ambao hauna madoido yoyote: unanyang'anya, unaangalia mbele, unapiga mbele.

Ajabu ni kwamba United wenyewe walionyesha dawa, kwa bahati zaidi kuliko kwa mpango, wiki mbili baadaye. Katika robo fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Lyon walikuwa nyuma 4-2 katika muda wa nyongeza, wakabakiwa na dakika chache, na hapo ndipo walipoacha kupasiana pembeni wakaanza kujaza watu ndani ya eneo la penalti na kuipeleka mipira mapema. Bruno akafunga penalti, Kobbie Mainoo akasawazisha dakika ya 120, na Maguire akafunga kwa kichwa krosi ya Casemiro muda mfupi baadaye, 5-4. Sisemi kwamba timu icheze hivyo dakika 90. Ninasema kwamba watu wanne ndani ya eneo la hatari na krosi isiyosubiri ni vitu ambavyo timu hiyo ilikuwa na uwezo navyo tangu Agosti, na haikuvitumia hadi ilipokatiwa tamaa. Mwezi Mei, katika fainali ya mashindano hayo mjini Bilbao, walirudia ugonjwa ule ule: Brennan Johnson wa Tottenham aliwafunga kabla ya mapumziko, wakamiliki mpira kwa muda mrefu, na nafasi yao bora zaidi, kichwa cha Højlund, ikaokolewa na beki Micky van de Ven akiwa hewani mbele ya mstari wa goli. Tottenham 1, United 0.

Katika usajili wa katikati ya mwaka 2025 klabu ilitoa zaidi ya pauni milioni 190 kama ada za awali kwa washambuliaji watatu: Matheus Cunha wa Wolves, Bryan Mbeumo wa Brentford na Benjamin Šeško wa RB Leipzig. Cunha alifunga mabao 15 ya ligi katika timu iliyokuwa ikihangaika mkiani, na Mbeumo alifunga 20, kwa hiyo hawa si wachezaji wa kubahatisha. Ila mnunuzi anapaswa kukumbuka kwamba mabao ya Mbeumo yalitoka ndani ya mpangilio. Brentford ilifunga mabao 66, huku Yoane Wissa wa DR Congo akichangia 19, kwa sababu mipira ilitoka nyuma mapema na kila mmoja alijua mwenzake atakimbilia wapi. Kumtoa mtu kwenye mpangilio huo na kumweka kwenye timu inayopasiana taratibu ni kulipia jina. Šeško, mwenye urefu wa sentimita 195, alikuja kusubiri krosi zile zile ambazo Højlund alizisubiri.

Kuna swali jingine ambalo ununuzi huo ulilizidisha. Cunha na Mbeumo wakichukua nafasi mbili za nyuma ya mshambuliaji, Bruno hakuwa na pa kwenda ila chini kwenye kiungo cha kati, akabe, akimbizane na vijana, na apige pasi zake za hatari kutoka mbali na lango. Huyo ndiye mchezaji pekee wa timu aliyekuwa akiona njia ya goli kila wiki. Ushauri wangu ulikuwa anunuliwe kiungo mwenye miguu ya kukimbia na pasi ya haraka ya mbele, hata kama ingebidi mmoja wa wapya hao aanzie benchi katika baadhi ya mechi. Mpira wa kona na wa faulo nao una mabao ya bei nafuu: Arsenal tangu walipomleta kocha wa mipira ya kutengwa, Nicolas Jover, mwaka 2021, wamegeuza kona kuwa silaha inayoogopwa, na hilo halihitaji milioni 60.

Muda wa kufanya marekebisho hayo ulikuwepo msimu wa 2025/26, kwa kuwa kipigo cha Bilbao kiliwanyima mashindano ya Ulaya, na katikati ya wiki zikawa siku za mazoezi. Desemba 2025 ulipungua, maana Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Morocco liliwaondoa Mbeumo, Amad na Noussair Mazraoui kwa wakati mmoja, yaani upande wote wa kulia. Kwa anayefikiria kulipia tena king'amuzi, mechi yoyote ya timu hiyo ni kipimo kizuri kuliko maneno ya usajili: aangalie beki wa kushoto anapopokea mpira akiwa ameachiwa nafasi, na ahesabu watu walioingia ndani ya eneo la hatari kabla krosi haijapigwa.