Bushoni ya tangi, na garaji iliyoniambia "Mama, enda kukaa"

"Mama, enda kukaa pale kwa kiti. Aya ni mambo ya bafundi."

Nimeshaambiwa mengi katika kazi hii ya shamba, lakini maneno hayo hayajanitoka kichwani, na ndiyo yamenifanya niandike. Jina la garaji silitaji, wala mtaa wake hapa Lubumbashi, Kongo. Wakisoma watajijua.

Trekta yangu ni Massey Ferguson 135, zile za miaka ya 1960 na 1970. Ina umri kunishinda. Inalima mahindi upande wa njia ya Kipushi, shamba langu na ya majirani wanaonilipa kwa hekta. Mvua za kwanza zikishaanguka, trekta ikilala hata siku tatu tu, jirani anatafuta nyingine, na haki yake.

Ugonjwa ulianza hivi. Asubuhi inawaka bila shida, inaingia shambani, inalima nusu saa, pengine dakika arobaini. Halafu nguvu inapungua kidogo kidogo, sauti inakuwa kama ya mtu aliyekabwa koo, inazima. Dereva wangu anashuka, anafungua tangi kuangalia kama mazuti, yaani dizeli, yamo, anakuta yamo tele. Basi anaanza kutoa hewa: analegeza vise (skrubu) ya juu ya filtri, anapampu kwa mkono pale kwenye pompe ndogo, ile inayovuta mazuti tangini, mpaka mazuti yatoke bila povu, anahamia vise za pompe kubwa, kisha nati za enjektere, zile zinazopuliza mazuti ndani ya injini, huku starta inazungushwa. Inawaka. Nusu saa nyingine, imezima. Kuna siku tulirudia kazi hiyo mara sita, na vidole vya yule kijana vilikuwa vimechubuka vyote.

Nikairudisha garaji. Nasema nikairudisha kwa sababu wiki chache kabla ndio walioibadilisha filtri, na walipoona bushoni, yaani kifuniko cha tangi, imeshika kutu wakaniwekea mpya, wakanitoza dola 10. Kabla ya siku ile trekta haikuwahi kuzima hivyo. Nilitaka kuwaeleza hilo tu. Nilifika kwenye "mulibadilisha filtri na bushoni..." ndipo mkubwa wa garaji, mtu wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, akanionyesha kiti. Mbele ya wateja. Mbele ya dereva wangu, ambaye mimi ndiye ninayemlipa.

Nilikaa. Hilo bado linaniuma kuliko pesa.

Hukumu yake ilitoka kabla hajagusa kitu: "Ni pompe ndjo ilikufa." Pompe ya enjeksio, ile kubwa, ikashushwa. Wiki tatu. Kwanza mipira ya ndani haipatikani, halafu imeagizwa Zambia, halafu imekwama mpakani Kasumbalesa. Jumla dola 380, na mvua nzuri zote zilinyesha nikiwa naangalia barabara. Siku ya kuichukua waliiwasha uani mbele yangu, ikanguruma robo saa safi kabisa. Ila nakumbuka vizuri, maana sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kutazama: muda wote huo bushoni ilikuwa imewekwa juu ya kapo (boneti), na kijana mmoja alikuwa anamimina mazuti kwa bidoni (dumu).

Shambani ililima nusu saa. Ikazima.

Aliyeniponya ni mzee mmoja wa Katuba, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, aliyeletwa na jirani yangu. Hakufungua sanduku la kle (spana). Aliuliza: "Inazimaka kisha dakika ngapi?" Nikamjibu. "Na mukifunguaka tangi, munasikia nini?" Dereva na mimi tukatazamana. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo, na kusema kweli sisi wenyewe hatukuwahi kutega sikio. Akaagiza trekta ilime mpaka izime, na ikizima mtu asiguse vise hata moja.

Ilipozima, alizungusha bushoni polepole. Fyuuuu! Hewa iliingia tangini kwa nguvu hata mimi niliyesimama nyuma ya gurudumu niliisikia. Akapampu mara chache kwa mkono, akasema iwashwe. Ikawaka.

Jambo lenyewe mtoto wa shule angelielewa. Kila tone la mazuti linalotoka tangini, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja, maziwa yanatoka kidogo kisha yanagoma. Ukitoboa la pili yanatiririka. Bushoni yangu ya zamani, pamoja na kutu yake, ilikuwa na katundu ka kupumulia. Ile mpya ni ya gari lingine, ina mpira mnene, imeziba kabisa. Pompe ndogo inavuta, tangi halipumui, mwishoni injini inakosa mazuti. Na mimi nilidhani kutoa hewa ndiko kulikokuwa kunatusaidia! Kumbe dawa ilikuwa ni dereva kufungua tangi na kuchungulia.

Mzee alitoboa tundu dogo kuliko punje ya mchele. Alituambia pia tuangalie robine (koki) ya chini ya tangi isiwe na uchafu, na bomba linalotoka pale kwenda pompe ndogo, kwa sababu upande ule ukiwa na ufa unavuta hewa ndani bila kudondosha hata tone nje, na mtu anaweza kutafuta kutwa nzima asione chochote. Alikataa pesa nyingi. Nilimpa mfuko wa unga wa bukari (ugali) na nauli.

Sasa nitasema neno ambalo sikupanga kulisema nilipoanza. Ile pompe waliitengeneza vizuri. Asubuhi za baridi, mwezi wa sita na wa saba, trekta hii ilikuwa inatusumbua hadi jua lipande; siku hizi inashika mara moja, na ule moshi mweupe umekwisha. Kwa hiyo mwenye pompe iliyokufa kweli, awapelekee, mikono wanayo. Siwezi kuwanyima hilo.

Lakini mimi sikupeleka pompe! Nilipeleka trekta inayozima, na nilikuwa na jibu mdomoni. Hapana, nabadilisha: hata pompe msiwapelekee, mpaka wajifunze kumwacha mteja amalize sentensi yake.

Nilirudi kwao na bushoni ya zamani mkononi, nikamweleza mkubwa wao kila kitu, kwa utulivu. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Hakusimama. Akasema tu: "Aa Mama, ata ile inafikaka," yaani hata hayo hutokea. Samahani haikutoka. Nikamwomba angalau dola 10 za bushoni, akaniambia nipite kesho kutwa.

Wakati ule tulikuwa bado tunapanda. Sasa tunavuna.